KWA NINI TULISHINDWA BIHARAMULO MAGHARIBI: MAONI YA WANACHAMA WA KAWAIDA

Chama kinapopoteza jimbo, jambo la kwanza linalopotea ni ukweli wa sababu. Viongozi wa ngazi moja huwatupia lawama wa ngazi nyingine, makundi yaliyogombana wakati wa kura za maoni hunyosheana vidole, na mwishowe hupatikana maelezo ambayo hayamuudhi mtu. Maelezo ya namna hiyo hufaa kuhifadhiwa katika jalada, lakini hayafai kufundishia makada. Sisi hatukusomea elimu ya siasa, na hatuna kompyuta ya kuchambulia kura kituo kwa kituo. Hata hivyo tunadhani mwanachama wa kawaida ana haki na wajibu wa kuuliza kwa nini katika Wilaya ya Biharamulo, Mkoa wa Kagera, Chama cha Mapinduzi kilishindwa katika jimbo la Biharamulo Magharibi mwaka 2005 na kikashindwa tena mwaka 2010, na hali majirani kama Ngara waliendelea kukichagua.

Kwanza tukumbushane yaliyotokea. Mwaka 2005 jimbo hilo lilichukuliwa na Ndugu Phares Kabuye wa TLP. Mwaka huo mgombea wetu wa Urais alipata asilimia 80 ya kura nchi nzima, na TLP ilipata kiti hicho kimoja tu cha jimbo katika Jamhuri yote. Ndugu Kabuye alifariki mwaka 2009, na uchaguzi mdogo ukafanyika mwezi Julai mwaka huo. Ndugu Oscar Mukasa wa CCM alishinda kwa tofauti ndogo. Mwaka uliofuata, katika Uchaguzi Mkuu wa 2010, jimbo likatuponyoka tena, safari hii likaenda kwa Daktari Anthony Mbassa wa CHADEMA. Mwaka 2015 lilirudi kwetu kwa mikono ya Ndugu Mukasa yule yule.

Zipo sababu zinazotajwa kila mara jambo hili linapozungumzwa, nazo tunataka kuzipima moja moja.

Wapo wanaosema ni wakimbizi. Hapana shaka kwamba sehemu hizi za nchi zilibeba mzigo mkubwa kupita kiasi. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara, na Benaco ikawa mji wa mahema kabla ya serikali kupata nafasi ya kuhesabu. Miti ilikatwa, visima vilikauka, silaha zikaingia vichakani. Kwa miaka mingi baadaye mabasi yalipita katika mapori ya Biharamulo yakisindikizwa na askari wenye bunduki, na msafiri aliyelala njiani kwa hofu ya majambazi hakuhitaji mhadhara juu ya usalama wa raia. Lakini kama wakimbizi ndio waliotuangusha, tungeangushwa kwanza Ngara. Ngara ndiyo iliyopokea wimbi lile, na Ngara ndiyo iliyoendelea kuwahifadhi Warundi pale Lukole kwa miaka mingi baada ya Wanyarwanda kurudishwa kwao Desemba 1996. Ngara haikwenda upinzani mwaka 2005 wala 2010.

Wengine husema ni umaskini na barabara. Hoja hii nayo hufia mahali pale pale. Mkulima wa muhogo na mahindi wa Nyakahura hana tofauti kubwa ya maisha na mkulima wa migomba na maharage wa upande wa pili wa mpaka wa wilaya. Lami inayotoka Isaka kwenda Rusumo inapita kwa wote wawili, na malori ya nchi jirani yanawatimulia vumbi sawasawa. Mgodi wa dhahabu wa Tulawaka ulianza kazi Biharamulo mwaka ule ule wa 2005, na wapo wanaosema wananchi walikasirika kuona mali ya ardhi yao inasafirishwa nje. Inawezekana. Lakini dhahabu ilichimbwa pia katika majimbo mengine ya Kanda ya Ziwa ambayo hatukuyapoteza mwaka huo.

Hoja ya tatu ndiyo inayopendwa zaidi na viongozi, yaani kwamba upinzani ulikuwa na nguvu. Hapa tunawaomba wasomaji wautazame Mkoa wa Kagera kwa jumla. Mwaka 1995 Muleba Kaskazini ilimchagua mbunge wa NCCR-Mageuzi. Mwaka 2000 Bukoba Mjini ilimchagua Ndugu Wilfred Lwakatare wa CUF, na Kyerwa ikamchagua mbunge wa TLP. Mwaka 2005 ikafuata Biharamulo Magharibi kwa TLP, na mwaka 2010 jimbo lile lile kwa CHADEMA. Mwaka 2015 Bukoba Mjini ilimrudisha Ndugu Lwakatare, na safari hii alikuwa amevaa sare ya CHADEMA. Vyama vinne kwa miaka ishirini! Huu si mwendo wa watu waliokumbatia itikadi ya chama fulani cha upinzani. Ni mwendo wa watu waliokuwa wakitafuta mlango wa kutokea, wakapita katika mlango wowote walioukuta wazi.

Sasa tuitazame Ngara kwa makini zaidi, maana kwa maoni yetu jibu liko huko. Mwaka 2005 Ngara ilimpeleka Bungeni Profesa Feetham Banyikwa. Mwaka 2010 ikampeleka Ndugu Deogratias Ntukamazina. Mwaka 2015 ikampeleka Ndugu Alex Gashaza, na mwaka 2020 Ndugu Ndaisaba Ruhoro. Chaguzi nne, wabunge wanne, wote wa CCM. Watu wa Ngara hawakuwa wapole kuliko watu wa Biharamulo. Walibadilisha watu kila walipotaka, tena kwa kasi ambayo mbunge yeyote angeiogopa, lakini waliweza kufanya hivyo bila kutoka nje ya Chama.

Upande wa mashariki wa Biharamulo hali ilikuwa tofauti kidogo. Jimbo la Biharamulo Mashariki, ambalo baadaye lilikuja kuwa Chato, lilikuwa na Ndugu John Magufuli tangu 1995, naye alikuwa Naibu Waziri na kisha Waziri. Tunakubali kwamba jimbo lenye Waziri hupata mambo ambayo jirani yake huyasikia redioni tu. Hatutaki kulificha hilo, na huenda liliwauma watu wa magharibi. Lakini Ngara haikuwa na bahati hiyo, na bado ilibaki nasi. Kwa hiyo hoja ya Waziri inaeleza mashariki tu.

Vijana wengi wa leo hawakuwahi kuona karatasi ya kura yenye jembe na nyumba, kwa hiyo turudi nyuma kidogo. Kuanzia uchaguzi wa 1965 mpaka ule wa 1990, Chama kilikuwa kimoja lakini wagombea ubunge walikuwa wawili. Mkutano wa Wilaya ulipendekeza, Halmashauri Kuu ya Taifa ikateua majina mawili, mmoja akapewa jembe na mwingine nyumba, kisha umma ukaamua. Nao umma haukuamua kwa kuona haya. Mwaka 1965, mara ya kwanza kabisa, wananchi waliwaangusha Mawaziri, akiwamo Waziri wa Fedha, Ndugu Paul Bomani, na hakuna aliyesema TANU imeshindwa. TANU ilikuwa imeshinda, kwa kuwa hasira ya wananchi ilipata mahali pa kwenda ndani ya nyumba yake.

Tarehe 1 Julai 1992 sheria ya vyama vingi ilipoanza kutumika, watu wengi walijadili faida na hasara za ushindani kati ya vyama. Wachache sana waliona kwamba siku hiyo yule mgombea wa pili aliondolewa kwenye karatasi ya Chama. Tangu hapo kila chama kina jina moja. Mpiga kura wa Biharamulo ambaye mwaka 1985 angemwondoa mbunge asiyemtaka kwa kuchagua jembe badala ya nyumba, mwaka 2005 hakuwa na jembe. Alikuwa na TLP. Sisi tukaiita kura yake usaliti, kumbe ilikuwa kura ile ile ya zamani, ila tulikuwa tumeihamisha nyumba.

Mahali pekee ambapo mgombea wa pili angeweza kusalimika ni katika kura za maoni. Na huko ndiko tulikojiumiza. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi iliruhusu kile kilichoitwa takrima, mpaka Mahakama Kuu ilipoifuta mwaka 2006. Katikati ya miaka hiyo tulifanya uchaguzi wa 2005. Mwaka 2010 Chama kilifanya jambo jema, kikawaruhusu wanachama wote wapige kura za maoni. Lakini uzuri wa utaratibu haukutosha kuzuia fedha. Kadi za Chama zilianza kutafutwa kama tiketi za basi, mtu anakatiwa ya safari moja na mgombea wake, na safari ikiisha hana kazi nayo. Mgombea huyo akishindwa, au jina lake likikatwa juu, wanachama wake aliowaleta huondoka pamoja naye. Hatudai kwamba ugonjwa huu ulikuwa wa Biharamulo peke yake, wala hatumtaji mtu. Tunasema kwamba tawi ambalo daftari lake linajaa mwezi mmoja kabla ya kura za maoni na kuwa tupu mwezi mmoja baadaye si tawi la Chama. Ni kituo cha mabasi.

Hesabu za taifa zinatoa ushahidi ule ule. Mwaka 2005 mgombea wetu wa Urais alipata kura zaidi ya milioni 9. Mwaka 2010, mgombea yule yule alipata milioni 5 na ushei. Zilipotea kura zaidi ya milioni 3 na nusu, lakini wapinzani wote kwa pamoja hawakuongeza hata milioni 1. Wengine wako wapi? Walikaa nyumbani. Kati ya watu zaidi ya milioni 20 waliojiandikisha, hawakufika milioni 9 waliokwenda vituoni. Balozi wa nyumba kumi angeweza kutuambia majina yao kabla ya siku ya kura, kama kungekuwa na mtu wa ngazi ya juu aliyekuwa akimwuliza chochote zaidi ya idadi ya watu watakaohudhuria mkutano wa hadhara.

Si sisi wa kwanza kupatwa na haya. Chama cha Congress cha India, kilichopigania uhuru na ambacho TANU ilikiheshimu tangu mwanzo, kiliangushwa Machi 1977 baada ya kutawala miaka thelathini. Wataalamu waliandika mengi juu ya Hali ya Hatari iliyotangazwa Juni 1975, na ni kweli. Lakini tazameni ramani ya kura zile. Katika Uttar Pradesh, yenye viti 85, Congress haikupata hata kimoja. Waziri Mkuu Indira Gandhi mwenyewe alishindwa katika jimbo lake la Rae Bareli. Bihar, viti 54, hawakupata kitu. Kusini, katika Andhra Pradesh, Congress ile ile ilishinda viti 41 kati ya 42. Umaskini ulikuwepo pande zote mbili, na Hali ya Hatari ilikuwa ya nchi nzima. Tofauti ilikuwa katika mambo yaliyofika mlangoni mwa mwananchi, hasa kaskazini, ambako maofisa waliwakamata wanaume vijijini wakawafunga uzazi kwa nguvu ili watimize idadi waliyopangiwa.

Na kuna jambo la pili la India ambalo linatugusa zaidi. Baada ya 1972 Congress haikufanya uchaguzi wa ndani wa viongozi wake mpaka 1992. Kwa miaka ishirini viongozi wa majimbo waliteuliwa kutoka juu. Chama kilichofunga milango ya ndani kililazimika kusikia maoni ya wanachama wake kwa njia ya sanduku la kura la taifa, na magazeti yakiwa yamefungwa mdomo hakukuwa na wa kumwonya Waziri Mkuu. Mwaka 1980 wananchi walimrudisha kwa viti zaidi ya 350, baada ya kuwaona wale wa Janata wakigombana wenyewe kwa wenyewe. Kurudi huko hakukuwa uthibitisho kwamba milango imefunguliwa. Hata sisi tuliporudishiwa Biharamulo Magharibi mwaka 2015 tulishangilia upesi mno, bila kuuliza tumerudishiwa kwa sababu gani.

Tunajua baadhi ya Ndugu zetu watasema mjadala huu umepitwa na wakati, kwa kuwa ushindi wa 2020 ulikuwa mkubwa na wa 2025 mkubwa zaidi. Jibu letu ni fupi. Mwaka 2025 CHADEMA haikuwamo katika karatasi ya kura. Asilimia iliyopatikana hivyo haiwezi kutuambia watu wa Biharamulo wanafikiri nini juu yetu, kama vile kipimajoto kilichoondolewa kwapani hakiwezi kueleza homa ya mgonjwa. Zile kura za 2005 na 2010, ingawa zilituuma, zilikuwa taarifa bora zaidi kuliko taarifa nyingi tulizoandikiwa na watendaji wetu wenyewe.

Sheria hairuhusu tena majina mawili ya chama kimoja katika karatasi moja, kwa hiyo mgombea wa pili hana pa kurudi isipokuwa kwenye tawi. Tunapendekeza mambo mawili. La kwanza, anayepiga kura za maoni awe ni mwanachama aliyeandikwa katika daftari la tawi si chini ya miaka miwili, na daftari hilo libandikwe ukutani ili majirani walisome na kulipinga. La pili ni gumu zaidi kwa wakubwa. Pale ambapo aliyeongoza kura za maoni ameachwa na vikao vya juu, sababu ziandikwe, zisomwe katika kila tawi la jimbo hilo kabla ya kampeni kuanza, na mjumbe wa kikao kilichoamua awe amesimama pale zinaposomwa, ajibu maswali.