Tasnifu ya Elimu Mjumuisho Inaandikwa kwa Ajili ya Nani?

Wapo walimu wetu wanaotoka darasani kwenda kusomea shahada za uzamili na uzamivu katika elimu mjumuisho. Wengine husoma hapa Unguja, wengine huvuka kwenda Bara, na wengine hufika Ulaya. Mwisho wa masomo kila mmoja huandika tasnifu. Tasnifu hiyo ndiyo tunayoikosoa. Hatumlaumu aliyeiandika, tunaukosoa utaratibu unaomfanya aandike juu ya wanaotengwa kwa namna inayozidi kuwatenga.

Kwanza tukumbushane tulikotoka. Kabla ya Mapinduzi ya 1964, nafasi ya mtoto katika skuli ilitegemea mno kabila lake na mfuko wa baba yake. Tarehe 23 Septemba 1964 Serikali ya Mapinduzi, chini ya Mzee Abeid Amani Karume, ilitangaza elimu bila malipo. Ulikuwa uamuzi wa kimapinduzi. Hata hivyo, kwa mtoto kiziwi wa Makunduchi au mtoto asiyeona wa Nungwi, kufutwa kwa ada hakukutosha. Mlango ulifunguliwa, lakini mwalimu ajuaye lugha ya alama yuko wapi? Kitabu cha nukta nundu kiko wapi?

Waliouliza maswali hayo mapema ni walioguswa wenyewe. Watu wenye ulemavu waliunda Umoja wao, UWZ, mwaka 1985, yaani miaka tisa kabla ya mkutano wa Salamanca wa 1994, ambapo wajumbe wa serikali 92 walikubaliana kwamba skuli za kawaida ziwapokee watoto wote. Wazazi wa watoto wenye ulemavu wa akili nao walijiunga katika jumuiya yao. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 ikaitambua elimu mjumuisho. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Elimu hii imechimbuka katika madai ya wanyonge, na wasomi wameikuta njiani.

Je, msomi anawarudishia nini wanyonge hao? Tumchukue mwalimu mmoja wa mfano. Anakwenda vijijini na dodoso lake. Anawahoji wazazi kwa Kiswahili, na walimu kwa Kiswahili. Kisha anarudi mjini, anageuza yote kuwa Kiingereza, anayatetea kwa Kiingereza mbele ya jopo, anatunukiwa shahada, na tasnifu inawekwa rafuni. Mama aliyemweleza siri za nyumba yake hawezi kusoma hata ukurasa mmoja. Mwalimu wa darasa la pili, ambaye ndiye wa kuyatumia matokeo hayo, haioni nakala. Mwananchi ametoa malighafi, na bidhaa imesafirishwa nje. Wakulima wa karafuu wanaujua vizuri mtindo huo.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina istilahi. Hoja hiyo haisimami, na hapa kwetu ni aibu kuitamka. Mwaka 1928, mkutano wa Mombasa uliichagua Kiunguja, lahaja ya mji huu, iwe msingi wa Kiswahili sanifu cha Afrika Mashariki. Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni iliundwa 1979, na leo imo ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Elimu mjumuisho, lugha ya alama, nukta nundu: maneno hayo yapo na watu wanayatumia. Kinachokosekana ni uamuzi.

Wengine watasema kwamba Kiingereza kinampa msomi wetu sauti duniani. Hilo ni kweli, wala hatutaki anyimwe sauti hiyo. Tunachokataa ni kwamba asikiwe Oslo na asisikiwe Donge.

Mwaka 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, katika Azimio la Musoma, ilitaka kijana afanye kazi kwanza ndipo aingie chuo kikuu, ili ajue anasoma kwa jasho la nani. Utaratibu huo haupo tena. Swali lake lingali hai: elimu ya juu inawajibika kwa nani?

Kukosoa bila kujikosoa ni unafiki. Sisi wana-Chama tumekaa mara ngapi katika mikutano ya ghorofani, katika majumba ya Mji Mkongwe yenye ngazi za kusimama wima, bila mkalimani wa lugha ya alama, huku tukijadili haki za watu wenye ulemavu ambao hawakuweza kupanda?

Basi tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila tasnifu ya elimu mjumuisho iwe na muhtasari kamili kwa Kiswahili chepesi, upatikane pia kwa nukta nundu na kwa sauti iliyorekodiwa. Pili, kabla ya kutunukiwa shahada, mwandishi arudi kijijini alikofanyia utafiti, awasomee wazazi na walimu aliyoyaandika, nao wamsahihishe. Tatu, watu wenye ulemavu washiriki katika kuchagua maswali ya utafiti, na wapewe nafasi za kusomea shahada hizo wao wenyewe.

Mambo haya hayahitaji mfadhili. Yanahitaji msomi akubali kwamba yule mama wa kijijini naye ni mmoja wa majaji wake.