Shylock aligeuka mgeni lini?

Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere mwaka 1969, hapa kambini inasomwa mbiombio. Muulize kijana aliyeimaliza, atakujibu: Shylock ni mbaya. Eti Myahudi mla riba anataka ratili ya nyama ya mwenzake, basi, kesi imekwisha. Vijana wetu walipoiigiza, watu walipiga makofi pale alipopoteza kila kitu. Mimi sikupiga.

Sisemi ni mtu mwema. Kisu anakinoa kweli, na angeweza kupokea fedha zake mara mbili akaenda zake nyumbani. Lakini Antonio, tunayemhurumia sote, alikuwa akimwita mbwa na kumtemea mate, na anasema wazi kwamba yuko tayari kurudia. Anasema hayo siku ileile anayoomba dukati 3,000! Nani kati yetu amewahi kumsengenya mwenye duka asubuhi, jioni akaenda kuandikiwa deni? Msijibu.

Ninapotaka msomaji asimame ni kwenye hukumu. Portia kwanza anashika maneno ya mkataba: nyama imeandikwa, damu haikuandikwa. Hapo Shylock ameshashindwa. Anaomba angalau mtaji wake, ananyimwa. Ndipo inatolewa sheria nyingine, ambayo haikutajwa tangu mwanzo: mgeni akitafuta roho ya raia, nusu ya mali yake inakwenda kwa raia huyo, nusu serikalini, na uhai wake uko mkononi mwa mtawala. Mgeni? Mtu huyu ana nyumba Venisi, amelea binti pale, biashara yake iko pale. Walipohitaji mkopo hakuna aliyemuuliza kwao wapi. Msomaji mwenye kadi ya mgao mfukoni hahitaji mwalimu wa fasihi amfafanulie kipande hiki, na bado ndicho tunachokiruka.

Riba nayo ina historia. Mwaka 1516 Venisi iliwaweka Wayahudi katika mtaa mmoja, malango yakifungwa usiku. (Neno geto, ambalo vijana wa mjini wanaitia vyumba vyao, limetoka huko.) Kazi walizoachiwa zilikuwa chache: kukopesha, kuuza mitumba, utabibu. Halafu wakachukiwa kwa kukopesha. Wenzetu wa mashirika, mnapoandika kwenye ripoti kwamba wakimbizi “wanapenda” biashara ndogondogo, hebu tazameni kwanza ni kazi gani nyingine wameruhusiwa.

Tafsiri yenyewe ni tamu, ila jina lake linanisumbua. Kiingereza kinataja mfanyabiashara mmoja, naye ni Antonio. “Mabepari”, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha, lilikuwa neno la kulaani hata kabla hujafungua kitabu. Angalau ni wingi. Antonio naye hachomoki.

Kikundi kikiurudia mchezo huu, naomba ile sheria ya mgeni isomwe polepole, na anayeisoma awatazame watu usoni.