Tiba ya Tabia Inayomfuata Mtoto Nyumbani

Tabia ya mtoto mwenye usonji, au anayechelewa kuzungumza, hujengeka anapokula, anapovaa na anapocheza. Tiba inayomfuata huko nyumbani inastahili pongezi, hasa kwa sehemu kavu kama Zombe, mashariki mwa mji wa Kitui, zilizo mbali na hospitali kubwa.

Mafunzo ya walezi ya Shirika la Afya Duniani, kwa familia za watoto wa miaka 2 hadi 9, yana vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani. Mwanafunzi hapa ni mzazi, na huo ndio uzuri wake. Kwanza hutazamwa kinachotangulia mayowe na kinachoyafuata. Mtoto anayepewa sukari ili anyamaze amefunzwa kupiga mayowe. Badala yake hufundishwa kuomba, kwa neno, kidole au picha, na hupewa papo hapo. Kazi hukatwa vipande: kunawa kabla ya kula muthokoi huanza na kushika kata tu, na sifa hutolewa hapo hapo, si jioni baba akirudi. Vifaa ni kibuyu, punje za mahindi na subira, ambayo ndiyo ghali.

Kenya ilianza huduma za kutathmini watoto wenye ulemavu mwaka 1984. Tangu 2023 serikali imewapa mikoba ya vifaa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000. Hao si matabibu wa tabia, lakini hubisha hodi kila boma, na huweza kumwelekeza mzazi kwenye tathmini mapema.