Vazi la Asili ni Lipi?

Neno hili "vazi la asili" lasemwa sana siku hizi: katika hotuba, katika arusi, katika sikukuu za shule, na hata bungeni. Wasemao hulitilia nguvu kwa methali yetu ya kale, "Mwacha asili ni mtumwa." Methali hiyo ni kweli, wala siipingi. Lakini yafaa tuulize: asili hiyo ni ipi, na ni nani aliyepewa kazi ya kuitambua? Maana nikitazama jinsi jambo hili linavyofundishwa na kuamriwa, naona twaitafuta asili mahali isipokuwapo, na pale ilipo twaipita bila kuiamkia.

Tuanze na kanga, kwa kuwa hakuna nguo ijulikanayo kuliko hiyo katika pwani yetu na bara pia. Je, ni nguo ya kale? Wazee wa wazee wetu hawakuivaa. Ilianza mwishoni mwa karne ya 19, wanawake wa Unguja na Mombasa walipochukua leso za dukani, wakaziunga vipande sita kuwa nguo moja ya kujitanda. Jina lenyewe la leso twalipata kwa Wareno. Baadaye wafanya biashara wakaona faida, wakaagiza nguo iliyopigwa chapa nzima huko Ulaya na Bara Hindi, yenye pindo na mji. Maneno yakaongezwa baadaye, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa herufi za Kirumi. Basi nyuzi si zetu, wala rangi si zetu, wala mashine si yetu.

Hata hivyo ni nani awezaye kusema kanga si yetu? Utumwa ulipofutwa Unguja mwaka 1897, wanawake wengi waliokuwa watumwa waliacha merikani na kaniki, nguo zilizowatambulisha kuwa watu wa chini, wakajifunga kanga. Hawakungoja mtu awaambie kwamba sasa ni watu huru. Walilisema wenyewe kwa nguo. Tangu siku hizo kanga imempokea mtoto azaliwapo, imembeba mgongoni mwa mamaye, imemfunika mwali, imetandikwa msibani. Mke huweza kumpa jirani yake jibu kwa jina la kanga, bila kufungua kinywa, na jirani akaelewa. Nguo ifanyayo kazi hizo zote imekwisha kuwa lugha, nayo lugha ni ya wale waisemao.

Hali ni hiyo hiyo kwa nguo nyingine. Kitenge, ambacho leo kila mtu hukiita nguo ya Kiafrika, chatokana na kazi ya Waholanzi walioiga batiki ya Java katika karne ya 19. Gomesi la Uganda lina jina la fundi Mgoa. Wamaasai walivaa ngozi. Shuka nyekundu za pamba zilienea kwao katika karne ya 20, nazo hufumwa viwandani. Sisemi haya ili kuwavua watu heshima yao. Nasema ili tuache kudhani kwamba asili ni kitu kilichofungwa sandukuni tangu zamani, nasi tuna kazi ya kukitoa na kukikung'uta vumbi tu.

Sasa tutazame wakubwa walivyolishika jambo hili. Mwaka 1967 na 1968 katika Mkoa wa Arusha, Wamaasai waliagizwa waache shuka na ngozi na udongo mwekundu, wavae suruali, ili wafanane na taifa linaloendelea. Leo shuka ile ile yapambwa katika picha za kuwaita watalii, na serikali hazioni haya nayo. Tarehe 1 Januari 1969 ilianza Dar es Salaam amri ya kukataza sketi fupi na suruali za kubana, kwa sababu si za utamaduni wetu. Basi katika nchi moja, wakati mmoja, mtu mmoja alilaumiwa kwa kuvaa ya kale na mwingine kwa kuvaa mapya. Na wote wawili walipimwa na watu ambao wenyewe walivaa suruali na shati.

Huko Zaire ya Mobutu, katika miaka ya 1970, koti na tai vilikatazwa, na wanaume wakaamriwa kuvaa abakosti. Amri ilipoondolewa mwaka 1990, wengi walirudia tai zao. Kenya nayo ilizindua vazi la taifa mwaka 2004, lililochorwa na mafundi hodari; lakini watu hawakulivaa. Kisha Novemba 2023, Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang'ula, alikataza suti ya Kaunda na mavazi ya kiasili ndani ya ukumbi. Mbunge mwanamume atimize koti, kola na tai. Hapo ndipo penye uchungu. Suti ya Kaunda si ya kale, nayo ni kazi ya cherehani kama koti. Lakini moja yahesabiwa kuwa ya heshima na nyingine kuwa ya utovu wa adabu, miaka 60 tangu wenye kuleta kipimo hicho walipoondoka.

Amri hizi zote zina kosa moja. Zamwona mwenye kuvaa kama mti wa kutundikia nguo. Vazi huingia kwa watu kwa mlango wa nyumbani, kwa mama na shangazi na fundi wa mtaani, wala haliingii kwa tangazo. Nalo likiisha kuingia halitoki kwa tangazo.

Nanyi walimu wenzangu, msinichukie nikisema kwamba shule zetu nazo zimo katika lawama. Katika siku za utamaduni twawavika watoto majani na vitambaa vilivyopakwa madoa ya chui, nguo ambazo hata babu zao hawakuzivaa, tukawaambia, "Hii ndiyo asili yenu." Mzazi aliyekwisha kuuza kuku ili anunue sare aambiwa tena atafute vazi la siku moja. Mtoto hucheza, hupigiwa makofi, kisha huvua. Amejifunza nini? Amejifunza kwamba asili ni kitu cha kuchekesha wageni, na kwamba ukiwa na kazi ya maana huna budi kuivua kwanza. Na nje ya ua amesimama bibi yake aliyemleta, amejitanda kanga, wala hakuna aliyemwuliza jina la kanga ile na sababu ya kuichagua. Huu ni uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Wengine watasema: ikiwa nguo zote zimetoka nje, basi tuvae lolote, habari iishe. Sivyo. Vazi lina asili kwetu likiwa na adabu yake ijulikanayo: livaliwe lini, lifungwe vipi, lipewe nani, likiharibika litendwe nini. Tena lina asili likivaliwa hata siku ambayo hakuna mtazamaji. Vazi lisilo na mambo hayo, lingawa la ngozi ya simba, ni pambo tu.

Wala sisemi kwamba kiwanda si kitu. Kiwanda cha Urafiki, Dar es Salaam, kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa Uchina, kikapiga chapa kanga na vitenge kwa pamba ya nchi. Leo sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania husafirishwa ikiwa nyuzi hazijasokotwa, na kanga nyingi hutoka Bara Hindi. Mwenye kulipenda vazi la kwao kwa moyo, na amkumbuke pia mkulima wa Usukuma na fundi wa cherehani. Mapenzi yasiyowafikia hao ni ya mdomo.

Basi, badala ya majani na madoa ya chui, na tuwape watoto kazi hii: kila mmoja aende akawaulize wazee wake habari ya nguo moja iliyo nyumbani, ilikotoka, ilivaliwa siku gani, na maana yake, aandike kwa Kiswahili safi, asome mbele ya wenzake. Kazi hiyo haina gharama kwa mzazi yeyote, na mtoto aifanyaye hatahitaji kuamriwa na mtu baadaye avae nini ili ajulikane ni wa wapi.