Mtego Uliozimwa Kabla ya Kunasa

Tarehe 21 Februari 1986 mashine ya MFTF-B, mtego wa sumaku wa kushikilia plazma (gesi moto ya ioni na elektroni) ili viini vya atomi viungane, ilizinduliwa Livermore, California. Makofi hayajapoa, ikafungwa. Dola milioni 372 zilikwisha zama humo, na plazma haikuwahi kuwashwa hata mara moja. Serikali ya Marekani ikasema inabana matumizi. Kubana gani huko? Kujenga kulikwisha, kilichobaki ni kuwasha na kupima.

MFTF-B ilikuwa ya aina ya kioo cha sumaku: uga ni mkali nchani, ioni ikifika inarudishwa. Matatizo yake ni mawili: plazma huyumba ubavuni, na ioni zinazofuata mstari wa uga moja kwa moja hutorokea nchani. La kwanza alilimaliza mwanafizikia Ioffe mwaka 1961. Aliizungushia plazma fito zenye mkondo wa umeme, uga ukawa hafifu katikati na kupanda kila upande, kama sakafu ya Kreta ya Ngorongoro ilivyozingirwa na kuta za mita 600 hivi. Ioffe alijenga, akawasha, akapima. Mwanaume wa kazi huyo.

La pili, mwaka 1976 Dimov wa Novosibirsk, na Fowler na Logan wa Livermore, kila upande kivyake, walipendekeza vioo vidogo viwe vizibo vya bomba refu: chaji chanya ya vizibo inazirudisha ioni. Mashine ndogo ya Livermore, TMX, ikaonyesha yawezekana. MFTF-B ndiyo ingejibu kama yawezekana kwa ukubwa. Mafundi wake walizipoza sumaku kwa heliamu ya kimiminika, zikafanya kazi barabara.

Watetezi wa uamuzi wa kuifunga husema TMX-U, toleo lililoboreshwa la TMX, ilisumbua msongamano ulipopanda. Ni kweli, ila shaka huondolewa kwa kipimo, si kwa kufuli. Nimelisema na nitalirudia: tokamaki, mitego ya umbo la pete, hula, wengine hulamba sahani. Mwaka 2008 Wizara ya Nishati ya Marekani iliifuta NCSX ya Princeton, stelareta (pete ya koili zilizopinda), ilhali koili zake kuu zimekwisha tengenezwa.

Wajerumani walichelewa miaka na stelareta yao ya Wendelstein 7-X, hawakuitupa. Ikawaka 2015, na 2023 ikashikilia plazma dakika 8. Novosibirsk nao, kwa kioo chenye koili za duara za kawaida, walifikisha elektroni karibu digrii milioni 10.

Julai 2024 Wisconsin wakawasha WHAM, kioo kipya. Kwa hiyo miaka 38 baadaye Wamarekani wameanza upya na mashine ndogo, baada ya kuifunga kubwa iliyokuwa tayari.