Kupunguza Nini?

Likizo iliyopita, nyumbani Muze, mdogo wangu wa kidato cha tatu aliniuliza: "Dada, hii ridaksheni ni kupunguza nini?" Nikamjibu kama nilivyojibiwa mimi: kariri tu, mtihani hauulizi hivyo. Nasoma shahada ya uzamili ya kemia. Jibu lile linanitia aibu mpaka leo.

Swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu langu. Chukua gramu 160 za oksidi ya chuma, ile inayoyapa mawe wekundu. Ukiiondolea oksijeni yote, unabaki na gramu 112 hivi za chuma. Gramu 48 zimekwenda. Jiwe limepungua kweli.

Ukipanda kutoka bondeni kwetu hadi uwanda wa juu wa Ufipa, utakuta mabaki ya malungu, matanuri ya udongo ambamo Wafipa walitoa chuma kwenye mawe. Greig aliyaandika mwaka 1937; Bertram Mapunda akatoa kitabu kizima, Contemplating the Fipa Ironworking, mwaka 2010. Ilungu lilimzidi mtu kimo na halikuhitaji mivukuto. Hewa moto ilipanda, hewa mpya ikaingia yenyewe kwa matundu ya chini. Mkaa ukiwaka ulitoa kaboni monoksidi, nayo ikalinyang'anya jiwe oksijeni. Kisha chuma kilisafishwa katika tanuri dogo la mivukuto, kintengwe.

Vitabu vyetu vya kemia hufundisha njia ya kisayansi: tatizo, nadharia tete, jaribio, hitimisho. Imepangwa kama ngazi ambayo hakuna anayeteleza. Lawama yangu iko hapo. Shuleni tulijua jibu kabla ya kuwasha moto, na namba zikikataa tulizirekebisha. Mfua chuma hakuwa na nafasi ya kurekebisha: tanuri likigoma, hakuna jembe.

Lakini kumsifu tu hakutoshi. Pamoja na mkaa na mawe, alitia dawa na kushika miiko. Tanuri likigoma, mwiko uliovunjwa ungeweza kulaumiwa. Ili kujua kama dawa ina kazi, ingebidi kuwasha ilungu lisilo na dawa, mengine yote yakibaki yale yale. Nani angehatarisha mkaa wote ule?

Kwangu mimi, njia ya kisayansi ni ujasiri huo: kuacha kitu kimoja, kisha kukubali kitakachotokea. Sisi wa maabara hatukuwa nao. Miiko yetu ilikuwa maneno ya kukariri, na hakuna aliyejaribu kuyaacha.

Juzi nilimpigia simu mdogo wangu, nikamweleza zile gramu 48. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa dada, nani alizipima?"

Safari hii sikumwambia akariri. Nilimwambia atafute mizani.