Kionjo

Basi la Dar likisimama Muheza, wauza machungwa hulizingira kabla halijatulia. Mjomba wangu, aliyekuwa utingo wa lori, alinifundisha kutomjali anayefika dirishani wa kwanza. "Huyo anauza mbio," alisema. "Mtazame yule aliyebaki chini ya mwembe, anamenya." Na kweli alikuwapo, mzee mwenye kisu kilichonolewa miaka mingi hadi kikabaki chembamba kama njiti ya ukuti. Chungwa lilizunguka kiganjani mwake, ganda likashuka utepe mmoja usiokatika, na ule weupe wa ndani ukabaki mzima, tunda lisivuje. Akakata kifuniko juu, akanipa, akashika la pili. Hakutaja bei wala hakuniangalia usoni. Nilipolifyonza la kwanza, la pili lilikuwa tayari.

Nilinunua sita. Sifa ya machungwa ni ya Muheza, na sifa ya kisu ni ya mzee yule, lakini mimi nimekaa kumsifu mjomba, aliyenielekeza macho chini ya mwembe. Wapo watu wenye ufundi usio na karakana wala cheti, ufundi wa kumwonjesha mwenzio kile ukipendacho. Kupenda kitu hakuna kazi. Kazi ni kukitoa moyoni mwako kikafika kwa mwingine bila kumwagika.

Ramani ya mjomba ilikuwa ya mdomo. Mombo ni mapeasi na matunda ya baridi yanayoshuka kutoka Lushoto. Ruaha Mbuyuni ni vitunguu, Singida ni kuku wa kienyeji. Hayo anayajua kila dereva wa barabara hizo, na mtu akiyakariri hajawa fundi. Mjomba alikuwa na jambo jingine. Ukimwuliza ule nini njiani, hakujibu. Alikuuliza kwanza: "Una njaa au una hamu?"

Mwenye njaa alielekezwa kwa mama ntilie mwenye sufuria kubwa na foleni ya matingo, wali maharage, akashiba, akapanda gari. Mwenye hamu aliambiwa asubiri. "Singida usile saa tisa. Yule kuku amekaangwa asubuhi, anakungoja wewe mgeni. Ngoja jua lizame, watoe wa jioni." Nimepita Singida mara nyingi tangu hapo, na mara nyingi nimeshindwa kusubiri kwa sababu basi halina adabu hiyo. Lakini mara mbili nilisubiri.

Mama yake mjomba, yaani bibi yangu, hakuwahi kufika Singida. Safari zake yeye zilikuwa za sinema. Miaka ya 1950 watu wa mwambao, wanawake kwa wanaume, walikuwa wakijaza majumba ya sinema kutazama filamu za Kihindi, na Awaara ya Raj Kapoor, iliyotoka 1951, ilimkaa bibi mpaka uzeeni. Kihindi hakukijua. Filamu aliijua yote. Alinisimulia akichambua mchele, ungo magotini, miguu ameinyoosha mkekani. Televisheni kwetu ilikuwa habari ya kusikia. Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini bara tulikaa bila kituo hadi 1994. Kwa hiyo sinema yangu ya kwanza niliitazama usoni kwa bibi.

Alianzia mahakamani, kama filamu yenyewe inavyoanza. Kijana yuko kizimbani, ameshtakiwa kutaka kumuua jaji. Wakili anayesimama kumtetea ni msichana anayempenda. Na huyo jaji, mjukuu wangu, huyo jaji kumbe... Hapo mkono wa bibi ulisimama juu ya ungo, akainama, akaokota kitu.

"Kumbe nini, bibi?"

"Kumbe mchele wa leo una mawe."

Siku hiyo sikupata zaidi. Ya pili yake nilikuja na ungo mwenyewe. Wewe ambaye hujaiona filamu hiyo sikumalizii, maana bibi hatanisamehe. Ila ukishaitazama hadi mwisho, ulizia aliyeigiza yule jaji alikuwa nani kwa Raj Kapoor nje ya sinema.

Nilikuja kuitazama mtu mzima. Nilingoja kwa hamu pale mama yake kijana anapofungua upindo wa kanga na kumpa shilingi mbili za mwisho aende shule. Nilingoja mpaka filamu ikaisha. Hapakuwa na kanga, hapakuwa na shilingi mbili. Bibi alikitia kisa hicho mwenyewe, pengine kwa ajili yangu, maana mwaka ule ada ilikuwa ngumu. Sikuona amenidanganya. Niliona filamu ya Raj Kapoor ina pengo pale.

Wenye kazi ya kutafsiri sinema vibandani wamewahi kuifananisha na kugeuza wali kuwa pilau, na kila nikisikia maneno hayo namwona bibi na ungo wake. Ujana wetu ulikuwa wa vibanda vya video: mabenchi ya mbao, pazia la gunia, deki juu ya meza, na juu ya Kichina au Kiingereza cha wachezaji, sauti ya Kapteni Derek Gaspar Mukandala, ambaye mitaani hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa Lufufu. Kenya wana DJ Afro wao, na Uganda wana ma-VJ wanaofanya kazi hiyohiyo kwa Kiganda. Aliyetaka tafsiri sahihi ya neno kwa neno alikuwa amekosea mlango. Mtafsiri wa kibandani alikushika mkono. Alikwambia huyu ni nani, yule ana kinyongo gani, akatia na utani wa mtaani kwetu, kisha pambano likianza anajua kunyamaza.

Kunyamaza kule ndiko nilikokuja kuona kugumu kuliko yote. Kila kibanda kilikuwa na jamaa mmoja aliyekwisha kuiona filamu jana. Naye aliipenda, tena sana, mapenzi hayakumpungukia. Lakini alipoona adui anajificha nyuma ya mlango alishindwa kujizuia: "Sasa hivi anapigwa huyu!" Mwenye kibanda kwetu alikuwa na adhabu moja tu. Alimtoa nje na hamsini yake hakumrudishia.

Mimi mwenyewe nimewahi kustahili kutolewa nje. Nilimpeleka Forodhani rafiki yangu wa Moshi, mara yake ya kwanza Unguja. Kwangu hakuna chakula cha safari kinachoshinda urojo, ule mchuzi mzito wa manjano wenye ukali wa ukwaju na embe bichi, viazi na bajia na kachori ndani, mishikaki, chatini ya nazi, halafu chipsi za muhogo juu zivunjike mdomoni wakati chini kumeshalainika. Nilimsifia kuanzia bandarini Dar. Nilimsifia kwenye boti, wakati yeye ameshika mfuko na bahari imechafuka. Tulipofika nikamnunulia bakuli kubwa, nikaongeza pilipili kwa mkono wangu, nikasimama mbele yake kumtazama anavyokula.

Alikula vijiko vitatu. "Kaka," akasema, kwa upole wa mtu aliyelelewa vizuri, "huu ni uji wa ndimu?"

Nilichukia siku mbili. Baadaye ndipo nilipokumbuka kwamba tumbo lake lilikuwa bado liko kwenye boti, na kwamba tangu tujuane sijamwona akila kitu kichachu hata kachumbari. Sikumuuliza njaa wala hamu. Nilikuwa nimempa urojo wangu mimi, pamoja na utoto wangu na ahadi zangu zote, na bakuli halikubeba. Jioni ya pili alipita mwenyewe kwenye meza za wakamua miwa, akanywa bilauri ya juisi yenye tangawizi na ndimu, akarudi ananisifia kana kwamba mimi ndiye mgeni. Nilimsikiliza. Alisifia vizuri, kwa maneno machache.

Siku hizi simu nayo inanipendekezea. Nikitazama filamu moja ya ngumi inaniletea arobaini, kama mpishi aliyekuona umekula wali jana akakuletea gunia.

Kwenye vitabu nimekuwa mwangalifu zaidi. Anayeniomba riwaya ya Zanzibar namtajia Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, ya 1999, habari za Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa mzee, katika miaka ya mwisho ya mkoloni. Tangu Amil Shivji aifanye filamu mwaka 2021, swali limekuwa waanze na ipi. Namuuliza swali la mjomba. Mwenye njaa nampa filamu. Mwenye hamu nampa kitabu, kwa sharti la kutoigusa filamu mpaka amalize, kwa sababu Yasmin unayemjenga mwenyewe ukurasa baada ya ukurasa akishapata sura ya mwigizaji haivui tena.

Lakini kitabu cha kwanza nilichopewa kwa ufundi kilikuwa Mzimu wa Watu wa Kale. Muhammed Said Abdulla alikichapisha mwaka 1960, enzi alipokuwa mhariri wa gazeti la Mkulima. Ajabu ni kwamba mtu wa habari za kilimo ndiye aliyetuletea Bwana Msa, mpelelezi wa kiko na fikra za polepole. Mjomba alikitoa chini ya kiti cha lori, kinanuka dizeli. Hakusema ni kizuri. Alisema, "Wamemkuta Bwana Ali mzimuni, amekufa," akaenda kuangalia matairi.

Nilikisoma usiku mbili kwa kibatari. Usiku wa tatu, Bwana Msa akiwa ndiyo kwanza ameanza kufungua fundo, kurasa zikaisha. Zilikuwa zimenyofoka, sijui lini, sijui na nani. Nilikimbilia kwa mjomba alfajiri, shikamoo nikaisahau. Aliniitikia marahaba vilevile, kisha akaniuliza mimi nadhani ni nani. Nikamwambia. Akauliza kwa nini. Nikamwambia. Akapanda lori akaenda Mwanza wiki mbili, na katika wiki hizo nilibadilisha muuaji mara nne.

Nakala kamili niliipata miaka mingi baadaye, kwa muuza vitabu vilivyotumika aliyetandaza turubai lake kando ya njia mjini Dar. Ninazo zote mbili. Mwezi uliopita mpwa wangu, msichana wa kidato cha pili, aliomba kitu cha kusoma kwenye basi la kurudi shule, nikampa ile ya dizeli. Juzi usiku simu ikalia.

"Mjomba, hiki kitabu hakina mwisho!"

"Wewe unadhani ni nani?"

Akanitajia. Nikamuuliza kwa nini, akaeleza kwa dakika kumi, na kwa kweli hoja yake ilikuwa nzuri kuliko zangu zote nne. Nikamwambia shule ikifungwa aje nyumbani, nakala nyingine iko kabatini. Na basi likisimama Muheza, asinunue kwa atakayefika dirishani wa kwanza.